Chupa Tatu za Ziwa Tshangalele

Mpendwa mjukuu wangu Mbuyi,

"Kiswahili hakina maneno ya kusomea mwani, mwani wote huitwa uchafu wa maji tu." Ndivyo alivyokuambia mwalimu wako huko Kisangani, nawe sasa unataka kufuta sehemu ya Kiswahili katika kazi yako ya kumaliza masomo. Mwalimu wako amekosea, kwa sababu hajawahi kuuliza.

Sisi hapa Panda hatujambo. Dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Nilipokuwa kijana nilimsaidia mtafiti mmoja kuchota maji ya ziwa Tshangalele. Nilijaza chupa tatu, na kwa kujivunia Kifaransa changu nikaandika "algue", yaani mwani, juu ya zote. Mama Ngalula, muuza samaki, alicheka.

"Weye muntu wa masomo, batoto batatu unabapatia jina moya?"

Akachovya vidole katika chupa ya kwanza. "Hii ni nyuzi, inakamataka nyavu." Ya pili: "Hii ni utelezi ya mawe, samaki inakulaka." Ya tatu, yenye maji ya kijani, hakuigusa. "Hii ni unga. Ikielea, hatunywake mayi yake. Miye niko na batoto."

Bidoni yetu ya maji ya kunywa nilikuwa nimeijaza palepale nilipochota chupa ya tatu. Niliimwaga bila kubishana, na unanijua nilivyo.

Kwa hiyo wewe na wenzako mnaosomea mwani, msifute kitu. Nendeni kwa wanawake wanaouza samaki, andikeni maneno yao kwanza, kisha mpelekeeni mwalimu wenu.

Babu yako