Kikohozi cha Paka wa Marehemu Wifi Yako

Nangara, Babati

Mdogo wangu mpendwa, Mama Paulo,

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote hapo Mbinga. Je, mguu wako umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio haujatulia.

Paka mzee aliyeachwa na marehemu wifi yako amekuwa akikohoa. Huchuchumaa, hunyoosha shingo, hukohoa kikavu, wala hatapiki kitu. Nilidhani ni manyoya aliyomeza. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, akasema moyo unapiga vema ila pumzi inatoa mluzi. Kwanza alimpa dawa ya minyoo, maana ipo minyoo ikaayo mapafuni. Kikohozi kikabaki. Ndipo akauliza, "Mzee, huyu analala wapi?" Nikajibu: dirishani, upande wa jirani yangu Baba Neema. Akaagiza nimhamishie chumba cha mbele. Kikohozi kikapungua; nilipomrudisha dirishani, kikarudi.

"Ni pumu," akasema, "na kuna moshi unaoiamsha. Dawa nitampa, lakini moshi usipokoma, kwa umri huu utamzika."

Baba Neema hutengeneza katambuga, vile viatu vya matairi, na mabaki huyachoma chini ya dirisha langu. Nilimwendea kwa upole. Akacheka mbele ya wateja wake: "Mwalimu, paka ni paka tu! Mpeleke hospitali ya rufaa!"

Najua kisasi si changu; nimewafundisha hivyo wakatekumeni waliongoja ubatizo, maisha yangu yote. Lakini juma lilelile Baba Neema alikuja kofia mkononi. Mwanawe anaposa huko Bagara, na wazee wa binti, niliowafundisha dini, wamesema neno la posa watalipokea kinywani mwangu tu.

"Mwalimu, nisaidie. Ni Jumamosi."

"Kifua changu kimejaa moshi wako," nikamwambia. "Mpeleke paka akakusemee."

Kesho yake alilifukia shimo la moto. Paka sasa analala kimya. Jumamosi Baba Neema alinisubiri getini, amevaa koti la kanisani. Sikutoka. Wakaenda bila mimi, wakarudishwa na soda zao mikononi.

Nisalimie shemeji, Paulo na mkewe, na shangazi yetu mwambie namkumbuka katika sala.

Padre amenitaka nipatane na jirani kabla ya kukomunika, nami Jumapili hizi nabaki kwenye benchi wengine wakisogea altareni. Niombee moyo wa kusamehe, mdogo wangu, ila usiombe kwa haraka.

Ni mimi kaka yako,
katekista mstaafu