Kompyuta Isizimwe

Baba Kifaranga,

Ukitoka bafuni usizime kompyuta, wala usichomoe waya. Inagawa upya diski, na sasa hivi imefika asilimia kumi na tisa. Pasi usiiguse, unajua umeme wa sebuleni unavyokatika ukiichomeka. Shati lako nimeshalinyoosha, liko kwenye kiti. Chai iko kwenye chupa.

Najua kuna nini kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski. Sauti ya marehemu mama yako imo humo, na nakala nyingine hatuna. Ulisema tusiipunguze D kuiongezea C nafasi mpaka kwanza uihamishie sauti hiyo kwenye flashi. Sawa. Lakini hii ni wiki ya tatu ya "nitahamisha kesho", na mimi kila nikitaka kuandika ripoti ya wodi naambiwa diski imejaa.

~~Usingekuwa mzito hivyo, haya yote yasingetokea.~~ Hapana. Ngoja niseme ukweli.

Asubuhi ulienda chumbani kutafuta flashi. Uliporudi ukakuta kazi imeshaanza, ukamgeukia Kifaranga kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na meza. Umemfokea mpaka ameenda shule hajanywa hata chai. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga viatu. Nilisikia kila neno, nikanyamaza.

Mtoto hakugusa kitu. Aliyebonyeza ni mimi.

Akirudi kabla yangu, mwombe radhi kwa kumfokea. Ya kwangu nitakuja kuiomba mwenyewe, kwenu wote wawili, hata kama sauti ya mama itakuwa imesalimika.

Mama yake