Plasta ya Babu Fundi Saa

Dada upo? Usipige simu, soma tu. Mwili wote kama si wangu.

Unamjua yule babu fundi saa wa hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee, tunayembandika mgongoni plasta ya dawa kali inayopenya ngozini kwa ajili ya maumivu ya mifupa. Leo kutwa analia. Babu yule, asiyelia!

Ananiambia, "Mjukuu wangu, dawa yenu leo imelala." Nikamjibu, "Babu, plasta si tumekubandika jana? Acha kudeka."

Kudeka! Mzee wa watu nimemwambia aache kudeka.

Na mimi mwenyewe nasinzia huku nimesimama. Kichwa kizito, kichefuchefu, nikajua ni uchovu tu.

Jioni nakunja mikono ya sare nioshe vikombe. Naiona plasta mkononi mwangu. Yake, dada. Asubuhi nilipomkumbatia kumtoa bafuni, mikono ya sare nimeikunja, ilibanduka mgongoni kwake, ikanigandia mimi.

Yaani mimi nimeshinda natulizwa maumivu nisiyokuwa nayo, na mwenye maumivu namwambia avumilie.

Nesi akaibandua, akaniosha mkono, akanikalisha aniangalie kama napumua sawasawa. Babu akabandikwa mpya. Nikampigia magoti nimwombe radhi. Akanishika kichwa: "Basi, mjukuu wangu. Na wewe mgongo umepumzika leo?"

Hakuwa ananitania, dada. Alikuwa anauliza kweli.

Hata chozi halijatoka. Nangoja dawa yake iniishe mwilini, labda ndipo nitalia.