Watu Hawahesabiwi Kama Kuku

Jumapili usiku, Lavington, 1958

Mama yangu huyu ataniua kwa aibu. Amefika juzi tu kutoka Maragoli, na leo amebishana na memsabu anayemwajiri mke wangu Rasoa kama yaya.

Siku hizi za hali ya hatari serikali inataka kujua nani analala wapi. Basi memsabu akaja vyumbani kwetu huku nyuma, akamuuliza Mama ana watoto wangapi, asije akawaleta nao hapa.

"Wapo," akasema Mama.

"Wangapi?"

"Wapo. Wanakula."

Kwetu ukihesabu watoto unaita kifo kije kuchagua. Upuuzi! Mimi karani, kazi yangu mjini ni kujumlisha watu wa Kenya, wilaya baada ya wilaya, huku nikipiga mluzi wa cha-cha-cha. Mkubwa wangu akikosa hesabu anakisia tu, na hakuna aliyekufa kwa penseli yetu. Nikamwambia Mama hivyo hivyo. Akanitazama kama ugali mbichi.

Memsabu akanigeukia, amefurahi kumpata msomi. "Na nyinyi humu, mko wangapi?"

Rasoa alikuwa mlangoni, mkono tumboni. Wa kwanza tulimzika mwaka jana. Huyu ameanza kucheza wiki hii. Jana nilipoweka santuri alipiga teke, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikafungua kinywa nitaje hesabu. Nikauona ule mkono wa Rasoa.

"Tupo, memsabu," nikasema.

Mama hajaacha kucheka mpaka sasa. Acha acheke.