Yule Mama wa Maharage

Mama yangu, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ulyankulu, na goti limekuruhusu kwenda shamba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Ujerumani haina adabu. Wazee ninaowahudumia wamenizoea, isipokuwa mmoja anayenitupia vijiko.

Mama, sina raha. Kwenye darasa la lugha tumesoma riwaya ya nchi ambayo watawala wanasikiliza hata maneno ya mezani, na watu wanawakana ndugu zao. Mwalimu akatutaka tujadili: ni woga gani unamfanya mtu amkane ampendaye? Wenzangu wakasema bunduki, wakasema jela. Mimi, mbishi unayenijua, nilijifanya natafuta neno kwenye kamusi.

Nilimkana bibi, na hakuna aliyenishikia bunduki.

Unakumbuka nikiwa shule ya bweni Tabora, bibi akaniletea kikapu cha maharage? Alinikuta getini na wenzangu. Akanishika mikono yote miwili kama tunavyosalimiana nyumbani, akaniita Kaneza, akaanza kuniuliza habari kwa Kirundi. Wewe ulitufundisha Kirundi kiishie mlangoni, tusije tukaitwa wakimbizi. Shuleni nilijifanya Anna tu, mtoto wa mtaa wa Ng'ambo, hapo mjini. Mmoja akauliza, "Huyu nani?"

Nikasema, "Mama mmoja hivi, anatuuziaga maharage."

Bibi akaniachia mikono. Akatua kikapu, akasema kwa Kiswahili, "Haya mwanafunzi, usome vizuri." Aliondoka hata maji hakunywa. Maharage tuliyala wiki nzima, na wenzangu wakayasifu.

Tangu siku ile bibi huongea nami Kiswahili, hata kwenye simu, na huniita Anna. Wewe ulidhani anaheshimu shule yangu. Sasa kila nikimshika mzee wa huku kumwinua kitandani, naiona ile mikono ikiniachia. Sikulaumu, mama, uliogopa kwa ajili yetu. Lakini umesema bibi ameanza kusahau, juzi amekuita kwa jina la dada yake. Naogopa atanisahau kabla sijamwomba msamaha.

Mshike mikono yote miwili, umsomee barua hii kwa Kirundi, usipunguze kitu. Kisha nipigie, umpe simu. Nitamsalimia kwa Kirundi, nikiwa mbele ya wenzangu wa kazini.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli. Shangazi wa kwaya mwambie sweta lake silivui.

Ni mimi binti yako,
Kaneza