Baki na Mkuku Wako

Shemeji Ouma,

Akinyi amekufa. Ni kifua. Alikufa Jumanne asubuhi hospitalini, Ijumaa tukamzika hapa nyumbani Nyatike. Wewe hukuja. Jeneza lilikaa kando ya kaburi kwa jua, juu kwetu mke hafunikwi udongo kabla ndugu yake hajamwona. Wazee waliangalia barabara mpaka wakachoka. Mwishowe mmoja akasema, "Huyo haji. Tufunike." Tukafunika.

Sasa jana umenitumia yule mchuuzi wa samaki. Amenikuta nimekaa nje. Akasema, "Ouma anasema pole. Anasema uende kwake Sindo, sasa atakuonyesha mkuku wa boti."

Nimekaa na hayo maneno tangu jana. Ndiyo naandika. Kwa mdomo siwezi, unajua mwenyewe, mtu hagombani na ndugu ya bibi yake.

Ni Akinyi alinileta kwako. Nilikuwa nachimba dhahabu Masara, shimo likaporomoka karibu na mimi, yeye akasema imetosha. Alisimama pale kibandani kwako, katikati ya mbao, akakwambia, "Ouma, mfundishe huyu bwana yangu kuunda boti. Nataka mume wa kufanya kazi kwa jua."

Ukacheka. Ukamwambia, "Jua hapa ni mingi. Hata achukue yangu."

Ukanipatia randa siku hiyo hiyo.

Na nitasema ukweli, ulinifanyia vizuri. Nililala kwako. Shati ya kazi ilikuwa yako. Ulinifundisha kunusa mbao nijue kama bado ina maji ndani. Ulinifundisha kugonga ncha ya msumari kwanza iwe butu, ndiyo isipasue mbao. Kusukuma pamba kwa nyufa mpaka maji ikose njia. Mchana tulikula omena kwa sahani moja, mimi na wewe. Mara ya kwanza nilikataa, nikasema wewe ni mkwe wangu. Ukasema, "Hapa kazini hakuna mkwe. Kula." Nikala. Nikakuamini.

Lakini kulikuwa na mkuku. Ule mti mrefu wa chini, unaobeba boti yote. Ukilala vibaya, hata upige mbao nzuri namna gani, boti ni takataka. Na kila siku ya kulaza mkuku ulikuwa na mahali pa kunituma.

"Nenda senta uniletee misumari."

"Misumari iko, shemeji. Debe imejaa."

"Leta nyingine."

Nikirudi, mkuku umeshalala, mbavu za kwanza zimeshasimama, na wewe unafuta jasho. Wale watu wa nyavu wakaanza kuniita Fundi wa Misumari. Nikipita wananiuliza, "Fundi wa Misumari, leo umetumwa Kisumu ama Nairobi?" Mimi nacheka nao. Nilifikiri hiyo ndiyo njia yako, ile kubwa unaiweka mwisho. Nikangoja. Siku moja nilikuuliza, ukasema, "Pole pole." Nikarudi kwa randa. Kumuuliza mkwe kitu mara ya pili ni kumvunjia heshima. Fundi mwingine yeyote ningemuuliza mpaka anipige na nyundo. Wewe sikuweza. Na wewe ulijua siwezi. Sahani tulikula bila ukwe, mkuku ukarudisha ukwe.

Nikimwambia Akinyi, anasema, "Vumilia. Atakuonyesha tu."

Halafu ile siku ulinishika mkono mbele ya watu. Ukasema, "Sasa wewe ni fundi. Nenda ufungue kwako Sori." Nilifurahi. Nilijua sijui mkuku, lakini wewe umesema, basi nikafikiri labda nimeuona ya kutosha kwa kuangalia ile mikuku imelala tayari.

Boti yangu ya kwanza tuliisukuma majini pale Sori, watu wamejaa. Ililala kushoto. Mwenyewe akipiga kasia iende mbele, yenyewe inazunguka. Mzee mmoja akasema, "Hii boti inataka kwenda Tanzania na mwenyewe hana habari." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi nilicheka. Mwenye boti hakucheka. Akinyi hakucheka. Hakuna mtu aliniletea mbao tena.

Ulijua itakuwa hivyo. Wakati umenishika mkono, ulijua.

Nikarudi Masara. Akinyi akanifuata, juu siku zingine shimo halitoi kitu, na nyumba inataka kula. Akaingia kwa wamama wa kuponda mawe ya dhahabu. Kutwa nzima ni nyundo na vumbi, leso amefunga mdomoni. Jioni nywele yake ilikuwa nyeupe, nikawa namwita nyanya, tunacheka. Kisha kikohozi kikaja. Tulisema ni homa. Kikakataa kuenda.

Kule hospitali, akiwa bado na sauti, akaniambia. "Ouma aliniambia zamani. Alisema akikupatia mkuku utamaliza wateja wake."

Nikamuuliza, "Na wewe ulijua wakati wote?"

Akasema, "Ni ndugu yangu."

Akageukia ukuta. Mimi nikatoka nje, nilikuwa na hasira. Niliporudi hakuwa anaweza kuongea tena.

Kwa hivyo hata hiyo umeniharibia. Nimeishi na yeye vizuri miaka yote, na sasa nikimkumbuka naona mgongo wake kwa ile kitanda. Yeye nimemsamehe, nafikiri. Alikuwa katikati yetu. Wewe hukuwa katikati ya mtu. Ulikuwa na kazi yako, na wateja, na ziwa lote mbele yako. Sori na Sindo hata si pwani moja. Ningekunyang'anya nani?

Sasa unanipatia mkuku. Unanitumia kama mtu anatuma sukari matangani. Watu hapa wananiambia niende, nisiwe mjinga, ufundi ni ufundi, nitajitegemea, nitaacha mashimo. Wako sawa. Nimefikiria sana. Najua ukisema utanionyesha, utanionyesha.

Lakini najua pia kitu kimoja. Wewe ulikuwa unalaza mkuku kabla mimi sijafika senta na kurudi. Basi ni kitu kidogo. Labda ni kamba na jicho. Labda ni asubuhi moja tu ya kuonyeshwa. Hiyo ndiyo siwezi, shemeji. Siwezi kusimama pale nione vile ilikuwa kidogo, na Akinyi yuko chini ya udongo.

Baki na mkuku wako. Usinitumie mtu tena. Kaburi liko kushoto mwa nyumba, bado ni mchanga mbichi. Ukitaka kumwona, kuja. Hakuna mtu atakufukuza. Mimi hutanikuta. Kesho narudi Masara, shimoni.

Bwana ya dada yako.