Jiwe Lililompata Popo

MAELEZO YA SHAHIDI: SHAURI LA KUJERUHI

Shahidi: Mwanamke, miaka 43, anayejulikana kazini kama Mama Mawe. Kazi: mtaalamu wa fizikia ya miamba, kampuni ya kutafuta mafuta na gesi baharini. Makazi: nyumba za wafanyakazi, ghorofa ya pili, nyuma ya bohari.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Sikuhitaji kuonywa.

Mtuhumiwa ni meneja wetu wa utafutaji, na ni mume wa dada yangu mkubwa. Aliyeumizwa ni mchambuzi wa mitetemo. Tunamwita Popo, kwa kuwa naye huona kwa mwangwi. Si rafiki yangu. Ana mdomo, na hunywea kikombe changu bila kuomba.

Kazi yenyewe ni hivi. Meli hupiga mishindo ya hewa baharini, sauti inazama hadi kwenye miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari, kisha inarudi. Popo huchora picha kutokana na huo mwangwi. Mimi hubana vipande vya mwamba kwa mashine, nikavijaza maji au gesi, nikapitisha sauti ndani yake, ili tujue mwangwi upi unatokana na nini.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, tulikuwa chumba cha mikutano na wabia watatu. Meneja aliwaonyesha doa linalong'aa kwenye picha.

"Hiyo ni gesi tupu," alisema. "Meli ya kuchimba iko njiani."

Popo alisema, "Meneja, gesi kiduchu na gesi tele hung'aa karibu sawa. Hatujui ni ipi."

"Nani kakuuliza?"

Mbia mmoja akanigeukia mimi. Meneja akasema, "Shemeji, hebu waeleze wageni." Hakuwahi kuniita shemeji kazini. Yeye ndiye husema undugu uachwe getini.

Nilieleza nilichopima: gesi kidogo ikiingia kwenye mwamba uliojaa maji, kasi ya sauti hushuka karibu kama gesi imejaa. Uzito wa mwamba ndio ungetutofautishia, na data tulizonazo hazitoshi kuusoma. Nikasema Popo yuko sahihi. Wabia wakafunga kompyuta zao. "Tutawasiliana," wakasema, wakatoka.

Tukabaki watatu. Meneja alimwambia Popo, "Umeniua mbele za watu."

Popo alicheka. Hilo nalo naomba liandikwe, alicheka. Akasema, "Hujafa, Meneja. Umeahirishwa tu."

Meneja alichukua mezani kipande cha mwamba nilichokuja nacho, kinene kama ngumi, akamrushia. Kilimpata jicho la kushoto. Popo aliketi sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nilimfunga jicho kwa mtandio wangu.

Meneja aliniambia, "Ameteleza. Umeona alivyoteleza."

Nikamjibu, "Nimeona ulivyorusha."

Daktari amesema jicho hilo halitaona tena.

Kesho yake jioni dada alikuja kwangu. Hakuketi. Alisema, "Huyo Popo ni nani wako? Mume wangu akifungwa, wanangu utawalea wewe?"

Nilimwambia, "Dada, mtu amepoteza jicho."

"Si analo jingine!"

Nilimfungulia mlango akatoka. Hatujasemezana tangu hapo, na nimezuiwa kuwaona watoto.

Afisa ameniuliza kama doa lile lina gesi. Sijui. Popo hajui, na aliyerusha jiwe hajui. Ameniuliza pia kama nina chuki na mtuhumiwa. Siku ile sikuwa nayo. Leo ninayo.

Nimesomewa niliyosema. Ni yangu, sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeandika haya kama yalivyosemwa, bila ahadi wala vitisho. Shahidi alipoondoka, mke wa mtuhumiwa aliingia akaomba yachanwe, akidai mdogo wake hana akili timamu tangu utotoni. Nilimwambia kama ana la kusema, naye aandikishe. Ameandikisha.